Kutafuta Kaseti ya Kumtisha Mama

Nyinyi mliokuja kunililia mna haki ya kujua nilikuwa wapi. Kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake: Rajabu akiniletea cherehani yenye sindano iliyopinda, Mama Asha akipita na ndoo, hata imamu baada ya sala ya Ijumaa alinishika mkono akasema, "Saidi, tueleze, ilikuwaje?" Nimejaribu kueleza kwa mdomo mara nne, na mara zote nne Rajabu amenikatiza kabla sijafika Rumonge. Basi naandika. Habari za vibali na mihuri nitaziruka, maana kila aliyewahi kusimama dirishani anazijua, na asiyezijua ana bahati yake.

Buyenzi na Kinama: sharti la mama

Mama yangu mnamjua, ila wageni wa mtaa huenda hawamjui. Tangu baba afariki aliishi peke yake Kinama, kaskazini mwa mji wetu wa Bujumbura, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo baba aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Kinama ya miezi ile ya vita sina haja ya kuwaeleza. Majirani wa kulia walikuwa wameondoka, wa kushoto wameondoka, na kila Jumapili nilikwenda kumwomba ahamie kwangu. Kila Jumapili alinipa chai.

Starehe ya mama ni moja tu, hadisi za kuogopesha. Ana redio yake ya kaseti aliyoachiwa na marehemu, na kaseti za watu wanaosimulia mambo ya majini, maiti na nyumba zisizolalika. Alikuwa amezimaliza zote zilizoko mjini, na nyingine nilimletea kutoka Uvira, na hakuna hata moja iliyomtingisha. Kuna ile ya mwanamke mzuri mwenye kwato. Mama alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Ana bahati huyu, hana gharama ya viatu." Kuna ile ya maiti anayerudi nyumbani kila saa ya chakula. "Amerudi kula," akasema. "Mwanaume ni mwanaume."

Jumapili moja nilimkuta anasukuma kaseti kwenye redio kwa kidole gumba, kana kwamba risasi za asubuhi hazikulia nyuma ya nyumba yake.

"Mama, huogopi?" nikamwuliza.

"Niogope nini? Mutu anakimbiaka ju anaogopa. Mi sijaogopa. Sasa nikimbie ju ya nini?"

"Na ukiogopa?"

"Siku nitaogopa, nitakimbia kama watu wote." Akacheka. "Unitafutie hadisi moja ya kunitoa jasho, Saidi. Ile siku nitaogopa, nitabeba mukeka wangu nikuye kwako Buyenzi. Wallahi."

Mama haapi ovyo. Akisema wallahi, neno limefungwa. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu Zubeda, naye akasema nimerukwa na akili. Kisha akakaa kwenye kigoda, akafikiri, akasema, "Kigoma wanauzaka kaseti nyingi kuliko hapa."

Wengine wenu mmesema kwamba mtu mzima hasafiri vitani kwa ajili ya hadithi. Sikusafiri kwa ajili ya hadithi. Nilisafiri kumtoa mama Kinama kabla hajaletwa kwangu amebebwa, na mwenyewe hakuniachia mlango mwingine wa kupitia. Nilimwambia Zubeda nitarudi baada ya siku tano, sita nikichelewa sana.

Ruziba: kungoja konvoi

Nilipata nafasi kwenye lori la Deo, dereva wa Kinanira, ambaye urafiki wetu ulianza siku nilipofufua cherehani ya mkewe. Deo ni Mkristo, mtu wa maneno mengi na bia kidogo, au kinyume chake siku nyingine. Alikuwa anapeleka mapipa matupu Rumonge kujaza mawese. Barabara ya kusini haikupitwa na gari moja moja siku zile. Magari yalikusanywa Ruziba, wanajeshi wakawekwa mbele na nyuma, ndipo yakaondoka pamoja. Yakiondoka.

Jumatatu hiyo hayakuondoka. Tulikaa toka asubuhi tukiangalia ziwa upande mmoja na mashamba ya mihogo upande wa pili, na kila saa askari mmoja alikuja akasema bado. Saa sita tulinunua ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mama mmoja aliyekuwa anapika kando ya barabara. Ndagala zake zilikuwa na pilipili ya kumfanya mtu aungame. Akaniuliza naenda kutafuta nini huko kote. Deo akamjibu kabla yangu.

"Huyu anaenda Kigoma kutafuta hadisi za kuogopesha."

Mama yule alinitazama, akatazama barabara ya Kabezi iliyokuwa tupu mpaka upeo wa macho, akaniongeza kijiko cha mchuzi. "Basi ukae hapa hapa," akasema. "Zitakuya zenyewe."

Tuliondoka Jumanne. Sitawadanganya: toka Kabezi hadi Magara Deo hakusema neno, nami niliwahi kudhani Deo akinyamaza atakufa. Nilisoma kila dua niliyoikumbuka, na nilipomaliza nikaanza upya. Kulikuwa na lori moja limelala chali mtaroni, limeungua zamani, nyasi zimeota kwenye kiti cha dereva. Hakuna kilichotokea. Tulipoingia Rumonge Deo alizima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaanza kuzungumza na hakunyamaza mpaka kesho yake.

Rumonge hadi Kagunga: mukeke na mgebuka

Rumonge yote inanuka mawese, hata mkate. Nilikaa siku nzima nikingoja gari la kwenda Nyanza-Lac, nikila maharage na ndizi zilizozama kwenye mafuta mpaka kijiko kinateleza mkononi. Deo aligundua kwamba springi ya lori lake imevunjika, akaniambia nisiwe na haraka, kwani kipuri kitaletwa kutoka mjini kwa konvoi na konvoi ina mambo yake. "Ukirudi utanikuta hapa," akasema, "nimekuwa raia."

Toka Nyanza-Lac nilivuka mpaka hadi Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania, na kutoka hapo hakuna njia isipokuwa boti ya injini. Upepo ulikuwa mbaya. Nilitapika maharage ya Rumonge mbele ya watu wasionijua, nao wakanionea huruma, wakanipa samaki mkavu eti atatuliza tumbo. Nikashukuru kwa ajili ya mukeke. Mzee mmoja akasema huyo si mukeke, ni mgebuka. Nikasema kwetu ni mukeke. Akasema huenda kwetu anaitwa hivyo, lakini samaki mwenyewe anajijua ni mgebuka. Abiria wakagawanyika pande mbili na ubishi ukatufikisha Kigoma bila mtu kukumbuka mawimbi. Ningeelewa mapema kwamba tunaongea lugha moja yenye milango miwili, ningejiokoa na mengi.

Kigoma: neno moja

Watu wa Bujumbura tukifika Kigoma huwa tunajikaza kusema Kiswahili kisafi ili tusichekwe. Mimi nilijikaza kuliko wote. Kwetu tunasema kaseti, wao kanda, hilo nililijua. Kwetu tunasema hadisi, kwa maana ya kisa chochote cha kusimuliwa. Nikaona aibu kusema hadisi, nikaifua na kuinyoosha kinywani ikawa hadithi, na ulimi nikauweka katikati ya meno kama tulivyofundishwa madrasa.

Duka lenyewe lilikuwa karibu na msikiti, kanda zimepangwa ukutani toka chini hadi juu. Mwenye duka, Bwana Abdala, alivaa kofia safi na alikuwa na adabu nyingi.

"Karibu, ndugu yangu. Nikusaidie nini?"

"Natafuta kanda za hadithi," nikasema, nikijisikia vizuri. "Lakini ziwe za kuogopesha."

"Za kuogopesha?"

"Sana. Za kumtoa mtu jasho. Ni za mama yangu."

Bwana Abdala aliguswa. Niliona kabisa. Aliweka mkono kifuani akasema, "Mama yako amebarikiwa kupata mtoto kama wewe. Siku hizi vijana hawana habari na mambo haya." Akapanda kigoda, akashusha kanda tatu zilizoandikwa kwa kalamu: Kaburi la kwanza, Kaburi la pili, Kaburi la tatu. "Hizi," akasema, "zimewaliza watu wazima hapa hapa dukani."

Nilitoka pale nimebeba Kaburi tatu kifuani, nimefurahi kama bwana harusi. Niliona tayari mkeka wa mama uko uani kwangu. Sikuomba hata kujaribu moja, kwa sababu jina lilitosha.

Kagunga tena: Mama Shukuru

Siku ya Jumapili nilikuwa Kagunga, nikingoja usafiri wa kuvuka kurudi kwetu. Karibu yangu alikaa Mama Shukuru, mfanyabiashara wa ndagala anayekwenda Bujumbura na kurudi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Alikuwa na redio. Nikamwambia nina kitu cha kutupitishia muda, bila kumtajia jina la kanda, na watu wakasogea, hata muuza tumbaku akaja na sanduku lake.

Kanda ikaanza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu. Nikasema moyoni, msimulizi huyu ni mtu wa dini, vizuri. Ikaendelea kwa aya. Nikasema, anatayarisha mahali. Baada ya robo saa nilielewa kwamba hakuna jini atakayetokea wala nyumba isiyolalika. Ni shehe, anaeleza adhabu ya kaburi, na hadithi anazozitoa ni hadithi za Mtume, swala na salamu zimshukie. Bwana Abdala alinipa nilichomwomba, neno kwa neno.

Hakuna aliyethubutu kuizima. Muuza tumbaku alizima sigara yake mwenyewe, akaitazama, akaitupa majini. Mimi pia niliogopa, tena sana, kwa maana shehe yule aliongea kama anayenijua. Lakini nilijua mama atasemaje: hiyo si hadisi, hiyo ni kweli, nami naisali mara tano kwa siku. Halafu angeniuliza kwa nini namchezea kaburi lake ili ahame nyumba yake, na ningekosa pa kuficha uso. Mtoto hawezi kufanya hivyo. Ilinibidi nirudi Kigoma.

Mama Shukuru alikuwa anapandisha mizigo yake, injini ya boti imeshawashwa. Nikamkimbilia nikampa salamu za nyumbani.

"Mama Shukuru, ukifika, pita Buyenzi kwa Zubeda, mke wa Saidi fundi cherehani. Umwambie nilipata Kaburi, lakini siyo ile nilitaka. Narudi Kigoma. Asiningojee hii wiki."

"Nimwambie nini?"

"Kaburi! Nilipata Kaburi, narudi Kigoma!"

Akaitikia kwa kichwa, akaniangalia kwa macho ya huruma ambayo sikuyaelewa, boti ikaondoka. Nilijisifu kwa kuwa mume anayejali. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu, na msome tena kabla hamjanilaumu.

Ujiji: kwa kinyozi

"Ulisema hadithi," Bwana Abdala akaniambia.

"Nilisema hadithi."

"Ndizo nilizokupa."

Tulitazamana. Kisha nikamweleza kwetu hadisi ni nini, na mama ni mtu wa namna gani, na sharti lake. Alianza kucheka taratibu kwa heshima, halafu heshima ikamshinda, akavua kofia akajifutia macho. Zile tatu alikataa kuzichukua. "Kaa nazo," akasema. "Hakuna asiyezihitaji." Akanielekeza Ujiji kwa kinyozi mmoja, Hamisi, ambaye hukusanya visa vya kutisha kwa msimulizi yeyote anayepita.

Hamisi ni mwembamba, mpole, na mikono yake haitetemeki, jambo zuri kwa kinyozi. Alinisikilizisha visa kidogo kidogo mpaka kimoja kikanisimamisha nywele. Ni cha fundi wa kuchimba visima. Anachimba peke yake, na kila anapogonga jabali mara tatu, kuna kitu upande wa chini kinagonga mara tatu. Anayekisimulia ni mwanamke, hapazi sauti hata kidogo, na milio ya kugonga waliipiga kwa nyundo kwenye chuma. Mteja mmoja aliyenyolewa ndevu upande mmoja alikataa kuondoka hadi mwisho. Nikasema, hii ndiyo.

Hamisi hauzi kanda zake, ananakili. Na kunakili kwake ni hivi: redio mbili zinawekwa kwenye kiti cha kunyolea zikitazamana, moja inasema na nyingine inasikiliza, na wote mliomo dukani mnafunga mdomo kwa muda wote wa kanda. Kisa cha saa moja kinataka saa moja, huwezi kukiharakisha. Betri zikichoka, msimulizi anaanza kuongea kama amelewa, na mnarudi mwanzo. Mtu akipita na baiskeli yenye kengele, mnarudi mwanzo. Kwa kanda nne nilikaa siku tatu.

Alhamisi asubuhi, tukinakili kisima kwa mara ya tatu, mke wa Hamisi alileta chai. Nilikunywa nikajisahau. "Hamisi," nikasema kwa sauti, "mu hii chai hamukutia tangawizi?"

Hamisi alininyooshea wembe bila neno. Ilikuwa imebaki dakika kumi kumaliza na betri zilikuwa za mwisho dukani. Aliamua kuiacha. Kwa hiyo katika kanda yangu, mara tu kile cha chini kinapogonga, kuna mtu anaulizia tangawizi. Nilisikitika sana wakati ule, nikijua kwamba hapo hata mtoto hawezi kuogopa.

Magara: mapipa yaliyogonga

Rumonge nilimkuta Deo, springi imefika, mapipa yamejaa, na ameshajua majina ya watoto wote wa mtaa ule. Jumatatu tukaingia kwenye konvoi. Tulipofika Magara ikasimama kwenye bariyeri, kizuizi cha askari, nasi tukawa wa mwisho mwisho. Askari walikuwa wanakagua gari moja moja. Deo, kwa kuchoka kungoja, akasema, "Lete hiyo hadisi yako tuisikie." Kwenye lori lake kuna redio ya kaseti, na kipaza sauti kimoja amekifunga nyuma ya kabini ya dereva ili wapakuaji wasikie muziki. Hilo la kipaza sauti nilikuwa silijui, na Deo kwa hofu alilisahau.

Fundi akachimba. Fundi akagonga mara tatu. Kimya. Kisha nyuma yetu, kwenye mapipa, ko, ko, ko.

Askari aliyekuwa anakuja upande wetu akasimama. Alikuwa mtu mzima, si kijana, na macho yake hayakulala siku nyingi. Akaondoa bunduki begani. "Ni nani iko ndani?"

"Hakuna mutu, shefu," Deo akasema, mikono juu. "Ni mawese."

Ko, ko, ko.

Wakaja wengine wanne. Tulishushwa tukakalishwa chini, mikono kichwani. Yule mkubwa akaamuru mapipa yafunguliwe, na mtu mmoja akawa anatumbukiza fimbo ndani ya kila pipa hadi chini. Pipa la kwanza mawese. La pili mawese. Kila mlio ulipotoka, wote waligeukia pipa jingine, na bunduki zikageuka nao. Mimi nilikuwa nimeganda. Naona aibu kuandika kwamba walifika pipa la saba kabla akili haijanirudia.

"Shefu," nikasema, na sauti ilikuwa si yangu. "Ni kaseti. Inatoka mu radiyo."

Alinisindikiza mwenyewe hadi mlangoni, mdomo wa bunduki mgongoni. Nikazima. Kimya. Nikawasha. Ko, ko, ko. Akanitazama, akatazama mapipa saba yaliyo wazi na fimbo inayochuruzika mafuta mekundu. Sikujua kama atacheka au atafyatua, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akaketi kwenye ngazi ya lori.

"Uanze mwanzo," akasema.

Konvoi nzima ilingoja. Askari watano walisikiliza kisima, wakiwemo wawili wasiojua Kiswahili vizuri, wenzao wakiwatafsiria Kirundi. Ilipofika tangawizi waliniangalia, nikasema ni mimi, wakacheka mpaka mmoja akaegemea tairi. Mwisho wa kisa sitauandika hapa, njooni msikilize. Yule mkubwa alifikiri kidogo, akasema, "Mimi ningefukia hicho kisima," akaenda akainua mti wa bariyeri.

Deo aliendesha polepole. Baada ya muda nilimsikia anacheka peke yake, nami nikashikwa, na tulicheka toka hapo hadi Kabezi, machozi yakitutoka. Alhamdulillahi. Kucheka vile sijacheka tangu vita vianze.

Buyenzi: mkeka uani

Mengine mnayajua, ila mliyaona kutoka upande wenu. Mimi niliona hivi. Natokea kwenye kona baada ya adhuhuri na begi langu, naona mikeka imetandikwa mbele ya nyumba yangu, naona viatu vingi. Nikawaza, nani amekufa? Nikamwaza mama, moja kwa moja. Nikasema nimechelewa kwa ajili ya neno moja na chai.

Rajabu ndiye aliyeniona wa kwanza, akaangusha birika. Mama Asha akasoma audhubillahi na kuninyooshea kidole. Imamu, ambaye nasikia alikataa kusoma hitima mpaka ipatikane habari ya pili, alisema tu, "Ndiyo hii habari ya pili." Zubeda alinijia akanipiga kifuani kwa ngumi zote mbili kabla ya kunikumbatia. Alikuwa amepokea salamu za Mama Shukuru Jumatano. Zilipitia boti mbili na konvoi moja, na zilipofika zilikuwa fupi: Saidi amepata kaburi Kigoma, msimngojee.

Na katikati ya mikeka yote, kwenye mkeka wa kijani ninaoujua toka utoto, alikaa mama.

Hakusimama. Nilipiga magoti mbele yake, akanishika masikio kama anahakikisha ni yangu.

"Mama, umefika lini?"

"Jumatano. Zubeda alinitumia mutu, akaniambia umepata kaburi. Niliogopa, Saidi. Nilikimbia toka Kinama mupaka hapa na hizi miguu. Sikujua kama nina mbio."

Hapo nililia, na aliyeniona asijisumbue kunitania, maana nimeshakiri. Hakuna aliyetaja sharti. Mkeka ulikuwa umeshafika.

Siku ya tatu alikuja jirani mmoja wa Kinama aliyerudi kuangalia vitu vyake. Alisema bomu lilianguka jikoni kwa mama Alhamisi asubuhi, saa ya chai, na jiko lote limekuwa shimo. Nyumba imesimama lakini bati hazipo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi sufuria yangu imekwenda," akasema, na akaendelea kuchambua mchele, ila nilimwona anachambua uleule uliokwisha kuwa safi.

Jioni hiyo baada ya alasiri nikamwekea kisima. Nilitaka angalau aone nilichokwenda kutafuta. Alisikiliza akitafuna karanga. Kile cha chini kilipogonga mara ya kwanza alisema, "Huyo wa chini ndiye mwenye kazi ngumu. Hana hata hewa." Zubeda alikuwa ameziba uso kwa kanga, mama anatafuna tu. Kisha ikafika pale. Ko, ko, ko. Hamisi, mu hii chai hamukutia tangawizi?

Mama akaacha kutafuna.

"Urudishe hapo."

Nikarudisha. Akainamia redio, sikio karibu ligusane nayo, mkono kifuani.

"Hii ilikuwa siku gani?"

"Alhamisi, mama. Asubuhi."

Akahesabu kwa vidole, polepole, akarudia kuhesabu. Niliona jasho limemtoka kwenye paji la uso, jasho la kweli, akalifuta kwa ncha ya mtandio. "Alhamisi asubuhi, ile saa ya bomu, mi nilikuwa kwa hii mukeka nakulilia," akasema. "Na we ulikuwa unatafuta tangawizi." Akanisukumia redio. "Urudishe tena."

Tangu siku hiyo kaseti haina mtu mwingine anayeigusa. Kisima chenyewe hakimshughulishi, anakiruka chote kutafuta mahali pale pamoja, na utepe umeanza kuchakaa hapo. Kwa hiyo mkipita kwangu mkasikia mtu anaulizia tangawizi mara tano mfululizo, msidhani redio imeharibika. Ingieni, mketi. Chai ya humu siku hizi inatiwa tangawizi nyingi mpaka inawasha.